Vazi la Ukuta

Mtu wa manispaa aliposema bango la ukutani ni mita za mraba kumi na tatu, Mzee Herufi akamwambia amekosea.

"Hujapima ukingo," alisema, akainuka kwenye kigoda chake. "Anzia pale kwenye mstari mwekundu. Inchi nne juu, inchi nne chini, na pembeni vivyo hivyo. Ukingo ni sehemu ya kazi."

Mpimaji alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, shati lake la buluu limepauka mabegani. Alimtazama mzee kama mtu aliyezidishiwa chenji dukani, asijue aseme au anyamaze. Kisha akaurudisha utepe ukutani.

Mlangoni alisimama mke wa mzee, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Vifungo, na kama angeweza kusema angesema. Lakini alikuwa na pini nne midomoni na gauni la mteja mikononi, na mtu mwenye pini midomoni hakurupuki kusema. Alikodoa macho. Alitikisa kichwa. Mumewe akadhani anampongeza, akaendelea.

"Mimi nimeandika mabango miaka arobaini, bwana. Mteja asiyetaka kulipia ukingo nilikuwa naufuta mbele yake."

"Kumi na nne na pointi nne," Mpimaji alisema. "Kipande cha mita tunakihesabu mita nzima. Kumi na tano."

"Sasa ndiyo umepima," mzee alisema, akatia sahihi pale alipoonyeshwa, sahihi nzuri yenye mkia mrefu, ingawa mkono ulimtetemeka.

Mama Vifungo alipomaliza kuzitoa pini, karatasi ilikuwa imekwisha kuandikwa. Mpimaji alimweleza bila ukali. Bango la biashara linaloonekana kutoka barabarani hulipiwa kila mwaka kwa mita. Na penye bango ndipo penye biashara, kwa hiyo itatakiwa leseni, ada ya taka na ukaguzi wa zimamoto. Wana siku kumi na nne. Zikitimia, gari litakuja kuchukua chombo cha biashara.

"Chombo gani?" Mama Vifungo aliuliza.

Mpimaji akaelekeza kalamu ndani, kwenye cherehani iliyokuwa chini ya dirisha.

"Nimeshona hapo miaka ishirini na miwili. Hajawahi kuja mtu."

"Mama, mimi napita mtaa huu mwaka wa sita. Sikujua kama hapa kuna fundi."

"Kumbe linaonekana eh?" Mzee Herufi alidakia.

"Kutoka kule kwenye mzunguko," Mpimaji alijibu, na mzee akacheka kwa furaha, hadi alipouona uso wa mkewe.

Karatasi aliisoma Mama Vifungo peke yake, chumbani. Ukijumlisha yote, ilikuwa kazi yake ya miezi saba, bila kula.

*

Bango lenyewe lilikuwa na siku tisa tu. Mama Vifungo alikwenda kumuuguza dada yake aliyevunjika mguu, akakaa huko miezi mitatu, na aliporudi Jumamosi alipita nyumba yake bila kuijua. Ukuta wote wa kibarazani ulikuwa wa manjano, na juu ya manjano zilisimama herufi za buluu zilizonona: MAMA VIFUNGO, FUNDI WA NGUO. ANASHONA, ANAPUNGUZA, ANAONGEZA. KIFUNGO CHA AKIBA BURE. Kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yake. Nguo haikutoka mikononi mwake bila kifungo kimoja cha ziada kushonwa ndani ya pindo, ili siku kingine kikidondoka mwenyewe asihangaike.

Alisimama barabarani na mkoba mkononi, akalia mbele ya watu.

Mumewe alikuwa ameacha kazi miaka miwili kabla. Aliyeandikia mabucha, vinyozi, madaktari wa meno na maduka ya matairi, akaifanya nusu ya mji isomeke, alianza kutetemeka mkono wa kulia, na herufi hazimsamehi mtu mwenye mkono wa namna hiyo. Wateja walimkwepa kwa heshima. Ukuta huu aliuandika kwa kufunga fimbo kwenye mkono wa kushoto na kuegemeza wa kulia juu yake, herufi moja kwa siku, nyingine siku mbili. Miaka yote hiyo alikuwa anaandika majina ya watu, na la mkewe hakuwahi. "Nilikuwa nangoja nafasi," ndivyo alivyosema Jumamosi ile. "Halafu nikaona mkono hautangoja."

Kwa hiyo ukimwuliza Mama Vifungo kama alikasirika siku ya kupimwa, alikasirika, tena sana, kama nusu saa hivi. Alimwambia mumewe kwamba mtu mzima hajipalii makaa namna ile. Kisha akakumbuka Jumamosi, hasira ikamwishia njiani kabla hajaimaliza sentensi.

Binti yao, aliyefanya kazi katika duka la dawa, alipita jioni akaisoma karatasi akiwa bado amesimama.

"Ndoo moja ya chokaa," alisema. "Kesho asubuhi. Mambo yamekwisha."

"Mwanangu, ni kazi ya baba yako."

"Naijua kazi ya baba. Naijua na kazi ya cherehani, Mama, ndiyo iliyonisomesha. Wakija kuichukua, mtakula herufi?"

Mzee Herufi alikuwa akikisugua kidole gumba chenye rangi ya buluu, rangi isiyotoka. "Mtoto anasema kweli," alisema mwishowe. "Nitapaka kesho."

Asubuhi Mama Vifungo aliamshwa na mlio wa kijiti ndani ya ndoo. Alitoka akamkuta mumewe kibarazani anakoroga chokaa, na kijiti alichokuwa akikorogea ni ile fimbo ya kuegemezea mkono. Hakuwa na hasira wala huzuni ya kuonyesha watu. Alikoroga tu, taratibu, kama mtu anayesubiri gari lichelewe.

"Acha," mkewe alisema.

"Mama, cherehani ndiyo inayotulisha."

"Najua inayotulisha."

"Sasa?"

"Sasa acha. Zimebaki siku kumi na tatu. Nitakwenda mjini kuongea nao."

"Utawaambia nini?"

Alikwenda kuoga.

*

Kwenye dirisha la nne la ofisi ya manispaa palikuwa na foleni ya watu thelathini, na karani aliyekuwa na sauti kubwa kuliko dirisha lake. Mama Vifungo alimwomba kwa upole kama ukingo ungeweza kutolewa kwenye hesabu.

"Mwenye ukuta amesaini mwenyewe mita kumi na tano," karani alisema.

"Mwenye ukuta ni mume wangu. Alikuwa anajisifu."

Karani alicheka, akageuka ili na wenzake wapate. "Jamani, huyu bango lake limekuzwa na mumewe." Nyuma kwenye foleni watu wawili watatu wakacheka pia. Kisha akavuta fomu. "Kwa mwezi unaingiza kiasi gani?"

Mama Vifungo aliinama akasema kwa sauti ya chini.

"Kiasi gani?"

Akarudia. Karani akakitamka kwa nguvu huku anaandika, kila mtu akakisikia, na mwanamke aliyesimama nyuma yake akatazama sakafu kwa kumwonea haya. "Kwa kipato hicho," karani alisema, "mimi ningekuwa wewe nisingeandika ukuta."

Alipewa karatasi nyingine, akaambiwa apeleke dirisha la tisa. Dirisha la tisa lilikuwa limefungwa kwa ajili ya chai. Aliketi kwenye benchi saa nzima, ameshika mkoba kwa mikono miwili, akijiambia kwamba amekula chumvi nyingi na hatalia kwenye ofisi ya watu.

Dirisha lilipofunguliwa alitokea mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi mguu mmoja. Hakucheka. Alisoma karatasi zote mbili, kisha akatoa kitabu kinene kilichochakaa, akafunua kurasa bila kuharakishwa na mtu.

"Unashona nyumbani kwako?"

"Ndiyo."

"Mashine moja?"

"Moja."

"Umeajiri mtu?"

"Nani angekubali mshahara wangu?"

Mama wa dirisha la tisa alitabasamu kidogo. "Sikiliza. Mtu anayefanya kazi ya mikono nyumbani kwake, kwa chombo kimoja, bila mwajiriwa na bila bango, hahitaji leseni wala hizo ada nyingine. Imeandikwa hapa. Miaka yako yote hiyo ulikuwa huru, hukuvunja kitu. Lililokutoa ni bango."

"Kwa hiyo nilifute."

"Ningoje." Alirudi kwenye ukurasa, akapitisha kidole. "Sheria haisemi lifutwe. Inasema 'bango linaloonekana kutoka barabara ya umma'. Lisiloonekana kutoka barabarani, kwetu sisi si bango. Ni mapambo ya nyumba, na mtu ana uhuru wa kupamba nyumba yake anavyotaka."

Kulikuwa na ada ya kutoa nakala, na mashine ya nakala ilikuwa mbovu hata hivyo. Yule mama akachukua karatasi tupu, akavinakili vifungu vyote viwili kwa mkono, neno kwa neno, akagonga mhuri chini. Mama Vifungo aliipokea kwa mikono miwili. Alitaka kusema jambo kubwa, likatoka dogo.

"Mama, nakushukuru. Miwani yako ikikusumbua, nina uzi mzuri kuliko huo."

"Nenda, mama. Kuna watu nyuma yako."

*

Njia nzima alikuwa akifikiria pazia, lakini pazia lilikuwa neno dogo kwa jambo lenyewe. Alipofika alisimama barabarani alipolilia Jumamosi ile, akautazama ukuta kama anavyomtazama mteja anayeingia kupimwa. Upana wa mabega. Urefu. Wapi pameinama. Kibaraza kilikuwa na boriti mbele, na boriti ingebeba.

"Leta futi yako," alimwambia mumewe. "Tunaushonea ukuta nguo."

Mzee Herufi alisikiliza habari ya dirisha la tisa hadi mwisho, akaisoma karatasi ya mhuri mara mbili, na badala ya kufurahi akanyong'onyea. "Haya," alisema. "Nifunike. Nimekutia aibu, nifunike."

"Mtu huvishwa nguo kwa aibu tu?" mkewe aliuliza. "Mimi nawavisha watu siku wanazopendeza kuliko zote. Shika upande ule."

Chini ya kitanda kulikuwa na magunia matatu ya masalia, vipande ambavyo havikuwahi kutosha kitu: kaki za sare za shule, pindo za mapazia, suti za harusi, gauni za wajawazito. Aliyamwaga yote sebuleni. Jirani muuza mayai alikuja kuomba chumvi, akakiona kipande cha nguo aliyovaa binti yake siku ya kwanza ya shule, akaketi, hakuondoka tena hadi saa sita usiku. Kesho yake alirudi na shuka mbili kuukuu na mtaa nyuma yake. Huyu kaleta pazia lililochanika, yule kaleta vifungo kwenye kikopo cha maziwa. Hakuna aliyeitwa. Mama Vifungo aliwashonea watu hawa miaka yote akidhani wanamkumbuka siku ya kupasuka suruali tu, na sasa alipokea shuka za watu mlangoni akashindwa kuwashukuru mmoja mmoja.

Rangi alizipanga mzee. Hapo ndipo uchangamfu ulipomrudia. Alikaa chini katikati ya vitambaa, akisogeza kimoja huku kimoja kule, akibishana na muuza mayai kuhusu kijani. Binti yake alipopita kutoka kazini alimkuta anaimba, akajifanya hajaona, akavua viatu akaanza kupasi.

Lakini pindo la chini Mama Vifungo hakumruhusu mtu aliguse. Alilishona mwenyewe siku mbili za mwisho, mlango umefungwa, na alipoulizwa alisema pindo ni kazi ya fundi. Alilikunja kwa ndani inchi tano nzima, kama anavyokunja sare za watoto, kwa sababu mtoto hukua na nguo yafaa iwe na la kumfuata.

Siku ya kumi na mbili wakalitundika pazia. Lilifunika kibaraza chote kutoka boriti hadi karibu na sakafu, lenye rangi arobaini, na katikati lilifunguka kwa safu ya vifungo kama koti la mtu mnene. Mteja alifungua vitatu, akainama, akapita. Ndani ukuta wa manjano ulimpokea, jua likipenya kwenye vitambaa. Mzee alihamisha kigoda chake humo. Hatua nne kwa hatua kumi na mbili, na zote zilikuwa za kwao.

*

Siku ya kumi na nne, saa tatu asubuhi, gari la manispaa lilisimama. Mpimaji alishuka na wanaume wawili wa kubeba. Mama Vifungo alimpa ile karatasi ya mhuri. Ndani, cherehani ilikuwa chini ya dirisha, na juu yake sketi iliyoshonwa nusu.

Mpimaji alisoma. "Hii ni hati ya mama wa dirisha la tisa," alisema kwa heshima. "Basi ni suala la kuonekana." Akavuka barabara. Akatazama kutoka kwenye mzunguko, akatazama kutoka kulia, akatazama kutoka kushoto. Majirani walikuwa wametoka wote, kila mmoja na kisingizio chake. Mwishowe akashuka mtaroni ng'ambo, pale barabara inapokuwa chini kuliko nyumba, akainama, akakaa ameinama kwa muda.

Alirudi akijikuna shingo. "Mama, kutoka mtaroni kuna mstari mwekundu chini ya kitambaa. Unaonekana."

"Ule ni mstari tu," binti alisema. Alikuwa ameomba ruhusa kazini. "Mstari hauuzi kitu."

Mpimaji akafungua faili lake, kwa huzuni ya kweli. "Mzee aliniambia ukingo ni sehemu ya kazi. Niliandika, na yeye akasaini."

Watu wote wakamgeukia Mzee Herufi. Angeweza kusema sasa kwamba ukingo si kitu, ni urembo, ni rangi iliyobaki. Neno moja hivi. Alifungua mdomo, akautazama mkono wake, akautazama mstari ule ambao aliuchora kwa siku tatu. Wanaume wawili wa kubeba walikuwa tayari kwenye ngazi.

"Ukingo..." alianza.

"Ni sehemu ya kazi," mkewe alisema. Leo hakuwa na pini mdomoni. "Hilo halibadiliki. Nipe nusu saa, bwana. Nguo imempwaya mtu mara ngapi nami nikaibana? Hii imekuwa fupi, naiongeza."

Mpimaji akatazama saa yake, kisha gari, kisha pazia. "Nina nyumba nyingine mtaa wa pili," alisema. "Nitaanzia huko." Akawaita wale wawili wakamfuata.

Mama Vifungo alipiga magoti kwenye pembe ya kushoto na wembe, akaanza kufumua pindo. Muuza mayai akaanzia kulia. Binti akaingia katikati, akikata uzi kwa mkasi wa kucha aliokuwa nao mkobani. Uzi ulikatika, kitambaa kikashuka, inchi tano za akiba zikafunguka kuelekea sakafu, na mstari mwekundu ukamezwa kutoka pembe hadi pembe.

Mzee Herufi alikuwa ndani, kati ya ukuta na kitambaa, akishikilia ili kisivutike. Ndipo majirani wa nje walipoona pazia limetulia ghafla, kama lililoachwa.

"Baba?" binti aliita.

Mama Vifungo alibaki amepiga magoti na wembe mkononi. Hakuwa amekusudia mumewe alione neno la ndani leo. Alilishona litunzwe ndani ya pindo kama kifungo cha akiba, kwa siku ambayo wangehitaji, pengine miaka mingi mbele, pengine akiwa amebaki mmoja wao.

Mpimaji aliporudi alishuka mtaroni, akainama, akainuka. Akaja hadi kibarazani, akafungua vifungo vitatu kwa adabu, akachungulia ndani kama utaratibu unavyotaka. Alimkuta mzee ameketi sakafuni, upande wa ndani wa pindo umelala juu ya magoti yake. Mpimaji akasoma kwa sekunde kadhaa, akatoka, akavifunga vile vifungo vitatu nyuma yake kimoja kimoja.

"Hakuna bango," alisema, na akaandika. Akampa Mama Vifungo nakala. "Mama, ndani ya hili shati langu kuna kifungo cha akiba?"

"Hukushonewa na mimi. Lilete Jumatatu, nitakuwekea."

"Nitalipa."

"Utalipa ndiyo," Mama Vifungo alisema, na watu wakacheka, na gari likaondoka tupu.

Aliingia ndani. Mumewe bado alikuwa pale sakafuni, miwani imepanda kipajini, akipapasa kwa kidole gumba chenye buluu herufi za uzi zilizokwenda ubavu hadi ubavu wa pazia, kubwa, zimenyooka, zimeigwa moja moja kutoka ukutani: UKUTA HUU ALINIANDIKIA MUME WANGU. NAMSHUKURU. Na kuzizunguka zote, uzi mwekundu, mara mbili, kwa mshono mdogo kabisa.

"Umeweka na ukingo," alisema.

"Ungenisamehe kama nisingeweka?"

Mzee alitikisa kichwa. Aliunyoosha mkono wake, ule unaotetemeka, na mkewe akaushika akaketi naye sakafuni, pale ambapo hakuna aliyeweza kuwaona kutoka barabarani.